Msomee kwanza, herufi zitafuata

Karibu kila mzazi anayenijia akisema ameamua kumfundisha mtoto wake nyumbani huwa ameshanunua ubao mdogo, chaki na chati ya herufi. Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu na nusu, minne. Nikiuliza nyumbani kuna vitabu vingapi vya hadithi, naonyeshwa kimoja kilichong'oka jalada. Nimefundisha madarasa ya awali hapa Dodoma miaka kumi na minne, na mwanangu wa mwisho nilimfundisha mwenyewe sebuleni mpaka alipoingia darasa la kwanza. Kwangu mimi chati inaweza kusubiri. Cha kuanza nacho ni mtu mzima kumsomea mtoto kwa sauti, kila siku.

Sababu imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha yetu husomwa kama inavyoandikwa. Mtoto akishashika irabu tano, akajua kuunganisha ba, be, bi, bo, bu, na baadaye akazoea mb, ny na ng', hamalizi miezi mingi kabla hajaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwekea. Hapo wazazi wengi hufurahi na kuona kazi imekwisha. Lakini nimekaa na watoto wa darasa la pili waliosoma aya nzima bila kukwama, na nilipouliza "Haya, fisi alifanya nini?" wakanitazama tu. Walikuwa hawajawahi kusikia mtu akisema "alinyata" wala "akaghairi", kwa hiyo silabi zilipita mdomoni bila kubeba kitu. Herufi ni kazi ya miezi. Maneno yanataka miaka, na miaka hiyo inaanza kabla mtoto hajajua kushika penseli.

Halafu kuna upatanisho wa ngeli. Mtaani mtoto anasikia "kitabu yangu imepotea" na "vikombe zimevunjika". Simlaumu mtu. Mji huu umekusanya watu wa kila mkoa, na wengi wetu Kiswahili tumekikuta baada ya Kigogo, Kirangi, Kihehe au Kisukuma. Ila kitabu kilichoandikwa vizuri kinamsikilizisha mtoto kijiti kikivunjika na vijiti vikivunjika, mto ukijaa na mito ikijaa, tena na tena, bila mtu kumkaripia. Mwanangu alikuwa akisema "viatu yangu". Tulitengeneza kijitabu cha kurasa sita kuhusu viatu vyake vilivyoloweshwa na mvua, tukakisoma mpaka karatasi ikalegea. Siku moja nikamsikia mlangoni akimwambia baba yake, "Viatu vyangu vimekauka." Sikuwa nimemsahihisha hata mara moja.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, kisha darasa la kwanza mtoto akiwa na miaka 6. Kwa hiyo ninaposema kufundisha nyumbani nina maana ya mtoto wa miaka 3 hadi 5. Akikaribia umri wa kuandikishwa, nenda ukazungumze na afisa elimu wa kata yako mapema.

Sasa ratiba. Usiifunge kwenye saa ya ukutani. Ifunge kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku nyumbani kwako. Kwetu lilikuwa uji. Vikombe vikishaoshwa, mkeka unatandikwa upande wa nyumba usiopigwa na upepo (anayeishi Dodoma anajua upepo wa Julai na Agosti unavyogeuza kurasa na kuzijaza vumbi), tunasoma dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano. Mara ya pili ni usiku, mtoto akishaoga. Asubuhi nachagua mimi, usiku anachagua yeye, hata akitaka kile kile cha jana na juzi. Umeme ukikatika, taa ya sola inatosha. Watoto wengine husikiliza vizuri zaidi gizani.

Kitabu cha asubuhi ni kimoja kwa wiki nzima. Hapa ndipo wazazi wananishangaa, wanadhani mtoto atachoka. Anayechoka ni mzazi. Jumatatu tunatazama picha kwanza bila kusoma, anakisia kitakachotokea, ndipo nasoma moja kwa moja hadi mwisho. Jumanne nasimama kwenye maneno mawili au matatu mageni, si zaidi. Neno "nyata" halielezwi kwa maneno mengine; tunasimama, tunanyata kutoka mkekani mpaka jikoni kama paka anayefuata kuku. Jumatano naacha mwisho wa sentensi wazi, aumalizie yeye. Alhamisi tunaigiza: mimi fisi, yeye sungura, na kesi ya nani awe sungura huchukua muda. Ijumaa anashika kitabu yeye na kumsomea bibi yake. Hajui herufi hata moja, lakini anapindua kurasa na kusema hadithi yote kwa Kiswahili cha kitabuni. Huko ndiko kusoma kwake kwa kwanza, na mzazi asikucheke.

Maswali yana namna yake. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa, kwa muda wa mwezi mmoja tu, kubadili jinsi wanavyowasomea watoto wao wadogo: waulize maswali yanayomfanya mtoto aongee, wasikilize jibu, kisha wamrudishie lile jibu likiwa limeongezwa kidogo. Watoto wale walizidi wenzao waliosomewa kwa kawaida katika kuzungumza. Kwa lugha ya mkekani ni hivi. Usiulize "Huyu ni ng'ombe?" kwa sababu atajibu ndiyo na mazungumzo yameishia hapo. Uliza "Unadhani ng'ombe huyu anakwenda wapi?" Akijibu "Maji," wewe unasema, "Eeh, anakwenda kunywa maji mtoni." Usimwambie amekosea. Na usiulize kila ukurasa, maana hadithi inakufa.

Sauti yako ndiyo inayomshika. Kiswahili kimetujalia tanakali sauti, na mtoto wa miaka minne anazipenda kuliko peremende: jiwe likatumbukia chubwi, mzigo ukaanguka pu, shuka nyeupe pe, usiku mweusi tii. Kitabu kisipokuwa nazo, ziongeze mwenyewe. Kidole chako kitembee chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia, bila kusema chochote kuhusu herufi. Mwanangu aligundua mwenyewe kwamba jina lake linaanza kama la mama mkubwa wake, na kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akidai chati.

Vitabu kumi na viwili vinatosha kuanza. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ni mahali pa kwanza pa kwenda kuulizia. Mkuki na Nyota wanachapa vitabu vya watoto vya Kiswahili, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kazi hiyo tangu 1991. Mwenye simu yenye intaneti atapata hadithi za Kiswahili bure kwenye African Storybook, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yake. Ila kama unaweza, zichape kwenye karatasi. Simu ikishaingia mkekani, ujumbe wa kwanza ukilia hadithi imekwisha.

Na mtengeneze vyenu. Daftari la kurasa chache, picha za kalenda ya mwaka jana, gundi ya unga wa ngano. Mpeleke mtoto Soko la Majengo, mkirudi aseme alichokiona, wewe andika. Mwanangu alisema, "Mama kanunua zabibu, nyuki ikamfuata." Nikamsomea polepole ninapoandika: nyuki akamfuata. Alirudia vile vile, kwa fahari, kwa sababu ilikuwa hadithi yake.

Bibi naye ni sehemu ya ratiba. Mama mkwe wangu, wa Mvumi, hajasoma sana, lakini akisema "Hadithi, hadithi!" nyumba nzima inaitikia "Hadithi njoo!" na mara nyingine anaingia kwenye Kigogo katikati ya safari bila kuomba ruhusa. Wazazi huniuliza kama hilo linamchanganya mtoto. Halimchanganyi. Anajifunza kukaa kimya akasubiri mwisho, kukumbuka nani alimdanganya nani, na kwamba maneno yana raha. Vyote hivyo atavihitaji kwenye kitabu cha lugha yoyote. Hata Kiingereza kitafaidi. Msomee kwa lugha ambayo wewe mwenyewe unaweza kucheka na kunong'ona nayo. Kama Kiingereza chako ni cha kukariri, kiache kwanza.

Mzazi anayeondoka alfajiri kwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kurudi jua likizama, soma usiku wewe, na asubuhi mwachie dada wa kazi. Kaa naye mara mbili umwonyeshe. Kama kusoma kunamsumbua, asimulie kwa picha tu, na umwambie wazi kwamba hiyo nayo ni kazi, vyombo visubiri.

Masomo mengine ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Kuhesabu, mbegu za ubuyu zinatosha, na kazi ya kuchambua choroko inaimarisha vidole kuliko kurasa za "a a a a". Mwanangu huyo huyo alianzia kituo kimoja ambako alirudishwa nyumbani na kurasa mbili za kunakili akiwa hajafikisha miaka minne, akilia vidole vinamuuma. Ndiyo tukamtoa. Saa mbili kwa siku, michezo ikiwemo, ni nyingi kwa umri huo.

Siku zitakatika. Homa, msiba, wageni. Sisi tuliwahi kukaa siku nane msibani Kondoa bila kitabu. Usilipe deni kwa kusoma vitabu vinne Jumamosi. Anza asubuhi inayofuata, uji ukishanyweka. Tuliporudi nilitaka tuendelee pale tulipoishia. Akafunga kitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaniambia nianze na "Hapo zamani za kale."