Dhana potofu kuhusu pikipiki za safari za uzito wa kati, na ukweli wake

Ukikaa na watu wanaotafuta pikipiki ya kupita lami na vumbi, swali la kwanza ni lile lile: cc ngapi, yaani injini ina ukubwa gani? La pili ni bei. La uzito huja mwisho, na wengine hawaliulizi mpaka siku wanapobaki peke yao porini na pikipiki imelala ubavu. Naipenda aina hii ya pikipiki, na inaniuma kuona mtu anamaliza akiba ya miaka kwa kununua isiyomfaa kwa sababu ya maneno ya vijiweni. Nimeyachukua yale ninayoyasikia zaidi nikayaweka mbele ya ukweli.

Nikisema uzito wa kati nina maana ya pikipiki zenye injini ya takriban cc 400 hadi 900, ambazo zikiwa na mafuta na oili zina kilo kati ya 190 na 230 hivi. Humo wamo Yamaha Ténéré 700, Honda XL750 Transalp, Suzuki V-Strom 800DE, KTM 890 Adventure na Royal Enfield Himalayan 450.

"Safari ndefu inataka injini kubwa"

Mashindano ya kwanza ya Dakar, yale ya kuvuka jangwa la Sahara, yaliondoka Paris Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979. Mshindi, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500, silinda moja, cc 499. Tangu 2011 pikipiki za Dakar zimewekewa kikomo cha cc 450. Ni kweli zile ni mashine za mashindano, zinafunguliwa na kufungwa na mafundi kila mara, wala sikushauri utafute moja. Ila zinatosha kuonyesha kwamba jangwa halivukwi kwa cc.

Sisi tunapita wapi? Kutoka Chalinze kwenda Iringa unavuka vijiji vya kilomita 50 kwa saa kimoja baada ya kingine, na trafiki wako pale na tochi zao za kupima mwendo. Himalayan 450 yenye nguvu za farasi 40 inakwenda 100 bila kulalamika, na mara nyingi barabara haikuruhusu zaidi ya hapo.

Injini kubwa inalipa mahali pawili. Pa kwanza ni ukibeba abiria na mizigo, umekwama nyuma ya lori kwenye mlima wa Kitonga, na nafasi ya kulipita ni fupi. Pa pili ni mwinuko. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukifika uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, robo ya nguvu haipo tena. Zile farasi 40 zimebaki 30 hivi, na mko wawili. Kama safari zako ni za watu wawili kwenda Nyanda za Juu Kusini, chukua yenye silinda mbili na usisite. Kama unakwenda peke yako na begi moja, fedha hiyo ina matumizi bora zaidi, nitayaeleza chini.

"cc ndogo maana yake pikipiki nyepesi"

Hii ndiyo inayowapoteza hata wanunuzi makini. Tazama namba, zote zikiwa na tangi lililojaa: Himalayan 450 ina kilo 196. Ténéré 700 ina takriban 205. Transalp ina 208. Ukiacha Ténéré, ambayo kwa kweli ni cc 689, ukachukua Himalayan, umepunguza karibu cc 240 ukaokoa kilo tisa tu. V-Strom 800DE imefika 230. Kwa kulinganisha, Honda CRF300L, ambayo ni ya njia za porini zaidi kuliko lami, ina kilo 142, na BMW R 1250 GS, ile kubwa iliyokuwa ikionekana kwenye matangazo, ina 249.

Kwa hiyo usikadirie uzito kwa cc. Soma karatasi ya pikipiki yenyewe, na hakikisha namba iliyoandikwa ni ya pikipiki iliyojaa mafuta na oili, si tupu. Wauzaji wengine hutaja ile tupu.

Halafu jiulize uzito huo umekaa wapi. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Tangi la Ténéré 700 ni la lita 16, yaani kilo 12 zilizokaa juu, na ukikata kona kwa mwendo wa kutembea unazihisi. KTM 890 Adventure inabeba lita 20, lakini tangi lake limeshuka pande zote mbili za injini, na ndiyo maana kwenye mchanga inahisiwa nyepesi kuliko namba zake.

Uzito unajidai pale ambapo injini haikusaidii. Chukua udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, tope linajaa kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unashuka, unakwangua kwa kijiti, unasukuma mita chache, unakwangua tena. Pikipiki yenye madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu inakupunguzia adha hiyo, na yenye kilo 30 pungufu inakupunguzia zaidi. Hapo hakuna anayekumbuka farasi.

Kabla ya kununua, ijaribu ikiwa imezimwa. Isukume kwa mikono, uigeuze kwenye uwanja wenye mteremko mdogo, uipandishe kinyumenyume. Na ujue namna ya kuiinua. Kama imeangukia kulia, toa stendi kwanza ili isije ikapitiliza upande wa pili. Ipe mgongo, weka makalio kwenye siti, kata usukani mpaka mwisho kuelekea upande iliyoangukia. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike fremu ya nyuma, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Mtu wa mwili wa kawaida anainua kilo 200 kwa njia hii. Akijaribu kuinua kwa mgongo, anaumia.

"Mimi mfupi, hizi si zangu"

Siti ya Ténéré 700 iko milimita 875 kutoka chini, ya Transalp 850, ya Himalayan 450 inarekebishwa kati ya 825 na 845. Namba hizi zinawatisha watu kuliko inavyostahili. Pikipiki inashuka ukiikalia, na siti nyembamba inaruhusu mguu ufike chini mapema kuliko siti pana yenye urefu ule ule. Zaidi ya hapo, huhitaji miguu yote miwili. Mguu mmoja ukikanyaga vizuri, mwingine ukiwa kwenye breki, unasimama salama.

Kinachonisikitisha ni watu kukimbilia kubadilisha vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma ili pikipiki ishuke. Ukiishusha nyuma bila kuishusha mbele umeharibu tabia ya usukani, na kwa vyovyote umepunguza nafasi ya kuvuka jiwe. Anza na siti ya chini, ambayo watengenezaji wengi wanaiuza.

"Tairi lisilo na tyubu ndilo la kisasa, lenye tyubu ni kero"

Kwa anayekaa kwenye lami, sawa. Msumari ukiingia kwenye tairi lisilo na tyubu, unaziba kwa kizibo cha mpira, unajaza upepo, unaondoka bila hata kufungua gurudumu. Lakini rimu ya aloi ikigonga jiwe ukingo ukapinda, upepo unavuja na huna la kufanya pale ulipo. Rimu ya spoku inavumilia zaidi, na ikipinda, fundi mwenye subira anaweza kuinyoosha. Ténéré 700 na Transalp zote zimekuja na spoku na tyubu, na kwa nchi zetu hilo si kasoro, kwa sababu fundi wa pancha anayejua kubandika kiraka yuko kila kituo cha bodaboda.

Tatizo ni saizi. Bodaboda zinatembelea rimu za inchi 17 na 18. Tyubu ya inchi 21, ya mbele kwenye pikipiki nyingi za aina hii, haipo kwenye duka la spea la kijijini, na tyubu za nyuma za bodaboda ni nyembamba mno kwa tairi lako pana. Beba tyubu ya inchi 21. Ikibidi kabisa unaweza kuikunja ndani ya tairi la nyuma la inchi 18 ikakufikisha mjini polepole, lakini tyubu ya 18 haivutiki kuingia 21.

Hiyo inchi 21 yenyewe ina sababu. Gurudumu kubwa la mbele linapanda kingo za mashimo na mawe kwa urahisi kuliko la 19 au 17, ambayo kwenye lami yanakata kona upesi zaidi. Ukiona pikipiki ina sura ya porini lakini mbele ina inchi 17, ile ni ya lami iliyovaa nguo za porini.

Na upepo. Watu wanajaza psi 36 na kuondoka nazo mpaka kwenye changarawe. Kwenye vumbi shusha hadi 22 au 25 hivi, tairi litashika na wewe hutatetemeka. Penye mawe makali usishuke sana, utapinda rimu. Pampu ndogo ya kurudishia upepo ukifika lami ina thamani kuliko taa za ziada.

"ABS ni hatari kwenye vumbi, izime yote"

ABS ni mfumo unaozuia gurudumu lisigome kuzunguka unapokamata breki. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kwenye changarawe, gurudumu lililofungwa hukusanya kilima kidogo cha kokoto mbele yake na hicho husaidia kusimama. ABS inaliachia kila mara, kwa hiyo unasimama mbali zaidi. Kwenye mteremko wenye mawe, ABS ya nyuma inaweza kukufanya uhisi huna breki kabisa. Lakini gurudumu la mbele likifunga kwenye vumbi unaanguka papo hapo, na kwa wengi wetu ABS ya mbele inaokoa zaidi kuliko inavyochelewesha. Tafuta pikipiki inayokuruhusu kuzima ya nyuma peke yake, kama V-Strom 800DE. Na ukirudi kwenye lami, washa.

"Shokapu ndefu inatosha"

Shokapu za Ténéré 700 zina mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 210 mbele na 200 nyuma. Ni nzuri. Lakini springi za kiwandani hulenga mtu wa kilo 75 au 80 hivi. Wewe una 95, mizigo 25, na unakwenda Engare Sero kando ya Ziwa Natron ambako barabara imejikunja kama bati kwa kilomita nyingi. Springi imeshabonyea kabla hujaondoka nyumbani, na kila tuta linagonga mwisho.

Pima. Mtu mmoja ashike pikipiki, mwingine apime kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye fremu gurudumu likiwa limening'inia, kisha apime tena ukiwa umekaa na mizigo yako yote. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote, yaani milimita 65 hadi 70 kwa mfano huu. Ikizidi sana, kaza springi, na ikigoma, nunua ngumu zaidi. Haya ndiyo matumizi bora ya fedha niliyoyasema hapo juu. Springi za uzito wako zinabadilisha pikipiki kuliko egzosi yoyote.

"Spea hazipatikani, basi chukua inayofanana na bodaboda"

Spea za mwili na umeme, kweli, utaagiza na utasubiri. Lakini beringi za magurudumu zina namba za kimataifa zilizochorwa ubavuni, na duka lolote la beringi mjini linazo. Ondoa moja, isome, nunua. Cheni ndiyo inayowashangaza watu, kwa kuwa bodaboda hutumia saizi ya 428 na hizi hutumia 520 au 525, na haziingiliani. Kabla ya safari ndefu badilisha cheni na sproketi zote pamoja, beba kiungo cha cheni, klachi kebo, pedi za breki na plagi. Beba pia kitambaa safi cha kuchujia petroli ya chupa, kwa maana injini za sindano, zinazopuliza mafuta kwa shinikizo badala ya kutumia kabureta, hazisamehe uchafu kama zile za kabureta.

"Masanduku ya aluminiamu ndiyo alama ya safari"

Ni mazuri kwa lami na kwa kufuli. Kwenye mchanga, ukitoa mguu kujizuia, sanduku linakuja kwa nyuma na kukubana mguu, na mifupa imevunjika hivyo. Kwa njia za porini, mabegi laini.

"Iliyotumika ya Ulaya iko salama daima"

Nyingi zimetunzwa, ila usinunue kwa jina la bara. Inama utazame kinga ya chini ya injini, maana mikwaruzo yake inasema ilikopita. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Pitisha kidole kwenye kingo za rimu, gonga kila spoku usikie kama mlio unafanana. Linganisha namba ya injini na ya fremu na zilizo kwenye kadi. Na shika injini kabla muuzaji hajaiwasha. Ukiikuta ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi ikiwa imepoa, kwa sababu kuwaka kwa shida na moshi wa oili huonekana kwenye injini baridi.