Ukishapunguzwa tumbo, usingoje kiu

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: "Kiu ikinishika nitakunywa." Naisikia kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, naisikia kwa mama na waume wanaowauguza, hasa Juni na Julai: "Daktari, na baridi hii ya Nairobi, maji ya nini?" Anayeuliza hivyo ana kizunguzungu kila akisimama, kichwa kinamgonga, midomo imepasuka na mkojo umekolea kama strungi. Anadhani mshono una shida. Mara nyingi mshono uko sawa. Amekaukiwa maji, na hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitalini baada ya upasuaji huu.

Kiu si kipimo. Zamani ukichelewa kunywa ulimimina glasi mbili kwa mkupuo, mambo yakaisha. Sasa, kama tumbo lilikatwa likabaki mrija mwembamba, linabeba mililita 100 hadi 150 hivi, na wiki za kwanza bado limevimba. Maji uliyoyakosa asubuhi hayalipiki jioni. Tena maji mengi ulikuwa ukiyapata ndani ya chakula, kwenye mchuzi, sukuma wiki na matunda, na chakula hicho umekipunguza mno.

Wengi wanahitaji lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo afuate kipimo cha daktari wake. Piga hesabu: mililita 30 kila robo saa, kwa saa 14 ukiwa macho, ni lita 1.68. Mililita 30 ni kile kikombe kidogo cha plastiki cha dawa. Omba kimoja wodini kabla ya kuruhusiwa, weka kengele kwenye simu, unywe funda dogo dogo. Maji ya vuguvugu huwashukia wengi vizuri kuliko ya baridi. Nanyi mnaoacha kunywa kwa sababu foleni ya Thika Road haina choo, shida hiyo naijua. Ahirisha kurudi kazini, lakini maji usiyaahirishe.

"Supu ya mifupa inanitosha." Haitoshi. Thamosi ya supu huja na upendo mwingi nami siikatai, maana ni maji na chumvi. Lakini protini yake ni kidogo, na jelatini iliyomo haina kabisa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, la sivyo misuli inaisha na kidonda kinachelewa kupona. Uji wa wimbi bila maziwa karibu wote ni wanga. Maziwa mililita 250 yana gramu 8, yai moja lina 6. Ongeza mala, ndengu zilizopondwa na samaki kadiri hatua yako ya kurudia chakula, kutoka cha majimaji hadi kigumu, inavyoruhusu. Ugali uje mwisho.

"Nateremshia chakula kwa maji." Acha. Subiri nusu saa baada ya kula. Soda pia acha, na kwa aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, juisi tamu inaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara.

"Vitamini nitameza hadi nipone." Ni za maisha yote. Kalsiamu na chuma vipishane kwa saa mbili, na chuma usimeze na chai.

"Nikitapika nitawekwa dripu kliniki ya mtaani." Hapa ndipo ninapoogopa. Anayetapika mfululizo huishiwa thiamini, yaani vitamini B1, ndani ya wiki chache, na dripu ya glukosi bila thiamini inaweza kuuumiza ubongo: macho kuchezacheza, kuyumba, kuchanganyikiwa, na si wote wanaopona kabisa. Kabla sindano haijaingia, mwambie muuguzi: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, nahitaji thiamini kwanza." Kisha mpigie daktari aliyekupasua siku hiyo hiyo.