Kwa nini hospitali humzuia mgonjwa aliyekwisha kupona?

Daktari amemruhusu. Kidonda kimefunga, mtoto mchanga ananyonya vizuri, nguo zimeshatiwa kwenye mfuko. Langoni askari anataka stakabadhi ya malipo, na mama huyu hana. Anarudishwa wodini, analala usiku mwingine, na usiku huo nao unaandikwa kwenye bili ileile iliyomzuia. Jambo hili limetokea Kenya, Kongo na Burundi, na mwaka 2017 watafiti wa Chatham House, taasisi ya mjini London, walionyesha kwamba limeenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Imekuwaje mahali pa kuponya watu pakawa na mlinzi wa kuwazuia waliopona?

Tuanze na fedha. Miaka ya kwanza ya uhuru, serikali zetu nyingi zilibeba gharama za matibabu zenyewe. Miaka ya themanini madeni yakazielemea, na mwaka 1987 Benki ya Dunia ikatoa sera iliyopendekeza wagonjwa watozwe ada. Kenya ilianza kutoza mwishoni mwa 1989, Tanzania mwaka 1993, na huko ikaitwa uchangiaji gharama. Tangu hapo mganga mkuu wa hospitali amekuwa akitegemea makusanyo ya dirishani kununua glavu, dawa ya usingizi na mafuta ya jenereta. Wagonjwa wengi wakiondoka bila kulipa, atakayekosa glavu ni mama wa wiki ijayo. Hofu ya mganga huyu ni ya kweli, na anayeijadili kana kwamba ni ukatili mtupu hajaelewa tatizo.

Lakini kumzuia mtu asiye na kitu kunaleta pesa gani? Yeye mwenyewe haleti chochote, maana hawezi kufanya kazi akiwa wodini. Wanaobanwa ni walio nje: mume, wajomba, kikundi cha kanisani, watu wa kijijini wanaoitwa kwenye mchango. Mgonjwa amewekwa rehani ili ukoo uje kumkomboa. Ndiyo maana hata maiti huzuiliwa mochari, kwa sababu hakuna ndugu anayestahimili mazishi kuahirishwa.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Hospitali haijui nani hana uwezo kweli na nani anajifanya, kwa hiyo humweka mtu wiki tatu, nne, na asipopatikana wa kumlipia, humsamehe. Kizuizi kimegeuzwa kipimo cha umaskini. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu maskini kuliko wote ndiye anayekaa ndani muda mrefu kuliko wote, kisha hospitali bado haipati kitu, na mgonjwa anayehitaji kitanda amekikosa.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano, kama kulipa deni. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Alisema haki zao zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia, na akaitaka serikali iweke utaratibu wazi wa kuwasamehe bili wasio na uwezo. Kuhusu maiti, mahakama ya Kenya ilishasema mwaka 1998 kwamba mwili wa marehemu si mali, hivyo hauwezi kushikwa kama dhamana ya deni. Hata hivyo, habari za kuzuiliwa hazijakoma. Hukumu haikuongeza hata shilingi kwenye sanduku la hospitali.

Basi tupime njia zilizopo. Ya kwanza ni kupiga marufuku kizuizi na kuishia hapo. Mgonjwa anapata uhuru wake, lakini hospitali iliyoogopa kupoteza itadai amana kabla ya kumgusa mtu. Aliyekuwa akizuiwa kutoka sasa anazuiwa kuingia, na mwenye uchungu wa uzazi hashikiliwi wodini tena, anafia njiani. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, ila dharura ikishatulizwa, gharama za siku zinazofuata zinabaki bila mwenyewe.

Ya pili ni kufuta ada. Uganda ilifanya hivyo katika hospitali za umma mwaka 2001, na maskini walimiminika kutibiwa. Ushahidi mkubwa kwamba ada ilikuwa imewafungia nyumbani. Burundi nayo, Mei 2006, Rais Nkurunziza alitangaza huduma ya bure kwa wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka mitano, wakati hospitali za nchi hiyo zilikuwa zikilaumiwa kwa kuwashikilia wagonjwa. Lakini kote kuwili dawa zilipungua kwa sababu watu waliongezeka kuliko bajeti. Uganda, wengi walipewa cheti cha dawa na kuambiwa wakanunue dawa duka la nje. Kufuta ada bila kujaza pengo la fedha ni kumhamishia maskini bili ileile kwenye duka la dawa.

Ya tatu ni bima, yaani kulipa wakati mtu ana afya. Kimaadili ndiyo ninayoiona imara zaidi, maana inaondoa mazungumzo ya pesa kando ya kitanda. Kenya iliingia mfumo mpya Oktoba 2024: mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira rasmi analipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba mfumo ulipoanza huyu wa pili alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na mama mboga hupata pesa yake kwa siku. Hospitali za binafsi nazo zimelalamika hadharani kwamba fedha za bima huchelewa kuwafikia. Zikichelewa, askari wa langoni anarudi kazini. Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ina nafasi ya kujifunza hapo: michango ikusanywe kidogokidogo, asiye na uwezo alipiwe na serikali, na hospitali ilipwe kwa wakati.

Kabla ya hayo kukamilika, deni libaki deni la kawaida. Likubaliwe kwa maandishi, lilipwe kwa awamu, na likishindikana lidaiwe mahakamani kama madeni mengine, mgonjwa akiwa kwake. Uwezo wake upimwe anapolazwa, wala si baada ya wiki tatu za kushikiliwa. Ikiwa ndugu yako amezuiliwa leo, muulizie afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, omba msamaha wa bili kwa maandishi, na pendekeza kiasi mnachoweza kulipa kwa mwezi. Baki na nakala ya kila karatasi, na uhakikishe tarehe aliyoruhusiwa na daktari imeandikwa, kwa sababu siku zinazofuata hapo hazikuwa za matibabu na mna haki ya kuzipinga zikiingizwa kwenye bili.