Mchezaji wa tajnisi ni nani, na kwa nini si mamluki

Tajnisi ni neno la sheria. Nchini Tanzania kuna raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi na raia wa tajnisi, yaani mtu aliyekuwa raia wa nchi nyingine, akaomba uraia na akapewa. Kwenye soka, mchezaji wa tajnisi ni yule anayevaa jezi ya taifa ambalo hakuzaliwa raia wake.

Vijiweni wengi humwita mamluki, na neno hilo linaniudhi kwa sababu halimstahili. Aliyewahi kufuatilia michezo ya shule anamjua mamluki: kijana asiyesoma pale, anapewa jezi na jina la mtu mwingine, mechi inachezwa, na siri ikifichuka timu inapokwa ushindi. Mamluki anajificha. Mchezaji wa tajnisi anaingia uwanjani kwa jina lake, na mahali alipozaliwa panajulikana.

Halafu, kupata pasipoti si sawa na kupata jezi ya taifa. Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, wazaliwa wa Ghana, Côte d'Ivoire na Guinea, walipewa uraia wa Tanzania, na siku hiyo hiyo watu wakaanza kuwapanga kwenye kikosi cha Taifa Stars. Serikali ndiyo inayotoa uraia, lakini ruhusa ya kuchezea timu ya taifa inafuata kanuni za FIFA, na FIFA inataka uhusiano na nchi yenyewe. Ama umezaliwa humo, ama mzazi wako au babu au bibi yako alizaliwa humo, ama umeishi humo. Aliyehamia akiwa mtu mzima anatakiwa awe ameishi miaka mitano mfululizo. Aliyehamia kabla ya kufikisha miaka kumi anahitaji mitatu tu, na hiyo ni haki, maana huyo amekulia pale.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Luis Monti alicheza fainali ya Kombe la Dunia 1930 akiwa na Argentina, akacheza nyingine 1934 akiwa na Italia. Kamba ilianza kukazwa kweli mwaka 2004, Qatar ilipomtaka Mbrazili Ailton, mshambuliaji aliyekuwa akitamba Ujerumani na asiye na uhusiano wowote na Qatar. FIFA ikakataa, ikaweka sharti la kuishi miaka miwili, na mwaka 2008 ikaipandisha hadi mitano.

Ninayemkumbuka zaidi kati ya hawa ni Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Warri, Nigeria. Alikwenda Warszawa, Poland, mwaka 1997 kuichezea klabu ya Polonia, akiwa kijana ambaye hata kwao hawakuwa wakimzungumzia sana. Kwenye viwanja vya Poland kuna mashabiki waliomrushia ndizi. Mwaka 2000 akatwaa ubingwa wa ligi na Polonia, akapewa uraia, na Agosti mwaka huo huo akacheza mechi yake ya kwanza ya taifa ugenini Romania, akafunga. Kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia 2002 alifunga mabao manane, na Poland ikarudi kwenye fainali hizo baada ya kuzikosa tangu 1986. Nchi ile ile alikorushiwa ndizi ikasimama kumshangilia. Sijui mamluki gani anayelipa deni la namna hiyo.

Uamuzi wa kuchagua timu ya taifa una gharama, kwani mlango ukifungwa kuufungua tena ni kazi. Munir El Haddadi, mzaliwa wa Hispania mwenye asili ya Morocco, aliingizwa akitokea benchi Septemba 2014, Hispania ikicheza na Macedonia katika mechi ya kufuzu Euro. Alicheza dakika kama 13 tu, akiwa na miaka 19, na hakuitumikia tena timu ya wakubwa ya Hispania. Alipotaka kuichezea Morocco, dakika hizo zikamzuia kwa miaka. Ni mpaka FIFA ilipolegeza kanuni mwaka 2020, ikiwaruhusu waliocheza mechi zisizozidi tatu za timu ya wakubwa kabla ya kutimiza miaka 21 wabadili timu baada ya miaka mitatu, ndipo alipoivaa jezi ya Morocco, mwaka 2021. Na kanuni hiyo haimsaidii aliyekwisha kucheza fainali za Kombe la Dunia au za bara.

Kuhusu moyo wa mchezaji, kanuni hazisemi kitu. Breel Embolo alizaliwa Yaoundé na akakulia Basel, na ni Uswisi iliyomlea kisoka. Tarehe 24 Novemba 2022, huko Al Wakrah, Qatar, Uswisi ilikutana na Kameruni kwenye Kombe la Dunia. Dakika ya 48, Xherdan Shaqiri, naye mzaliwa wa Kosovo, akapiga pasi ya chini kutoka kulia, na Embolo akaisukumiza wavuni akiwa peke yake. Hakukimbia kushangilia. Alisimama pale pale, akainua mikono yote miwili, viganja wazi, kama mtu anayewaomba radhi wakubwa zake. Wenzake wakamzonga kumkumbatia. Mechi iliisha 1-0.