Je, wajua kwa nini pointi za mwendokasi huuma kuliko faini?

Dereva anayepita Lukaya, hapa Uganda, kwa kilomita 80 kwa saa, mahali penye kibao cha 50, akisimamishwa na trafiki huandikiwa faini ya papo kwa papo, ile tunayoiita EPS. Analipa, risiti inatoka, kesi imekwisha. Asipokubali kosa ana haki ya kwenda mahakamani, na huko ndiko leseni inapoingia hatarini, kwa kuwa hakimu anaweza kumfungia asiendeshe kwa muda. Wengi hulipa tu wakaendelea na safari.

Tatizo ni kwamba faini peke yake ni bei, na mwenye pesa anaweza kuilipa kila siku. Shilingi laki mbili za faini zinamtoa jasho dereva wa teksi. Mwenye V8 anazitoa bila kuhesabu. Ndiyo maana nchi nyingi zimeongeza adhabu ya pili isiyonunulika: pointi. Kila kosa lina idadi yake ya pointi, zinaandikwa kwenye rekodi ya dereva, na zikifika kikomo leseni inaondoka. Tajiri na maskini wana kikomo kilekile, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye haki ya mpango huu.

Hesabu yenyewe huenda kwa njia mbili. Uingereza hujumlisha: unaanza na sifuri, na pointi 12 ndani ya miaka 3 hukufungia kuendesha kwa angalau miezi 6. Ujerumani nayo hujumlisha, ila kikomo chake tangu 2014 ni pointi 8. Ufaransa hupunguza: dereva mzoefu ana pointi 12 mkononi, na kila kosa linamega. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 20 hadi 29 kwa saa unapoteza 2, kwa 30 hadi 39 unapoteza 3, kwa 40 hadi 49 unapoteza 4, na ukizidisha kwa 50 au zaidi zinaondoka 6 kwa mpigo. Leseni mpya ya Ufaransa huanza na pointi 6 tu, kwa hiyo kosa moja la aina hiyo ya mwisho linaimaliza.

Idadi hupanda haraka hivyo kwa sababu nguvu ya mgongano hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari linalokwenda 80 hubeba nishati zaidi ya mara mbili na nusu ya gari lilelile likienda 50. Breki nazo zinadai nafasi: kwa mwendo wa karibu 50, kwenye lami kavu, gari dogo linahitaji kama mita 23 tangu dereva aone hatari mpaka lisimame, kwa 80 linahitaji kama 53. Mtoto akichomoka kati ya vibanda mita 30 mbele yako, wa kwanza amesimama, wa pili bado yuko kwenye mwendo wa kuua.

Jambo linalowachanganya madereva wengi ni saa ya pointi, yaani jinsi muda wake unavyohesabiwa. Tuchukue Uingereza, ambako kosa la kawaida la mwendo huleta faini ya pauni 100 na pointi 3. Dereva ana makosa manne ya pointi tatu tatu: la kwanza tarehe 10 Machi 2022, mawili ya katikati mwaka 2023, na la mwisho tarehe 8 Machi 2025. Zimetimia 12 ndani ya miaka 3, amefungiwa. Kosa hilo la mwisho lingefanyika tarehe 12 Machi, lile la 2022 lisingehesabiwa tena. Kinachotazamwa ni siku ya kosa, si siku ya hukumu, kwa hiyo kuchelewesha kesi hakumsaidii mtu. Pointi zenyewe hubaki kwenye rekodi miaka 4. Ziko pia njia za kupumua: Uingereza, aliyezidisha kidogo anaweza kupewa nafasi ya darasa la mwendo badala ya pointi, mradi hajahudhuria jingine kwa kosa la ndani ya miaka 3; Ufaransa, mafunzo ya siku 2 hurudisha hadi pointi 4, mara moja tu kwa mwaka.

Mganda anayekwenda Uingereza kufanya kazi lazima ajue mtego huu. Leseni ya Uganda inamruhusu kuendesha gari dogo miezi 12 tangu aanze kuishi huko. Haibadilishwi dirishani, lazima afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Akifaulu, hata kama ameendesha lori kutoka Malaba hadi Katuna kwa miaka 20, anahesabiwa dereva mpya kwa miaka 2, na dereva mpya hafungiwi kwa pointi 12 bali hufutiwa leseni kwa 6. Makosa mawili ya kawaida yanatosha, kisha mtihani unaanza upya. Na asifikiri kwamba kabla ya kupata leseni ya huko hana pa kuandikiwa: mamlaka ya leseni humfungulia rekodi kwa jina lake, pointi zikamsubiri.

Sasa, kamera huona namba ya gari, haimwoni mwenye leseni. Faini inaweza kumwangukia mwenye gari, lakini pointi lazima zimpate aliyeshika usukani. Uingereza hutuma barua ndani ya siku 14 kwa aliyesajili gari, naye ana siku 28 za kumtaja dereva. Akinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa la pointi 6, mara mbili ya lile la mwendo. Akidanganya ni jela: mwanasiasa Chris Huhne alimtwika mkewe Vicky Pryce pointi zake za mwaka 2003, na mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa miezi 8.

Uganda ilionja ugumu huo Juni 2025, faini za kamera zilipoanza kutumwa zenyewe: laki mbili kwa kuzidisha hadi kilomita 30, laki sita kwa zaidi ya hapo. Malalamiko yalikuwa makubwa na mpango ukasimamishwa mwezi huohuo. Ujumbe wa faini humwendea aliyeandikwa kwenye logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, na magari mengi kwetu huuzwa kwa makubaliano ya karatasi tu, jina likabaki la mwenye zamani. Faini isiyo yako unaweza kuidai kwa mnunuzi. Pointi zisizo zako zingekula leseni yako. Kwa hiyo ukiuza gari, nenda na mnunuzi mkabadilishe umiliki kabla hujampa ufunguo, na nakala ya makubaliano yenye tarehe na saa ya kukabidhi ibaki kwako.

Mwenye teksi au malori yanayoendeshwa kwa zamu aweke daftari ndani ya kila gari: tarehe, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, namba ya leseni ya dereva, sahihi. Mstari mmoja kwa kila zamu, na ujazwe palepale. Ukijazwa mwisho wa wiki kwa kukumbuka, saa hazitalingana na zile za kamera.