Mti kugeuka jiwe sio kwamba umekauka sana

Hapa Tabora ukitaja mti uliogeuka jiwe lazima mtu aseme ni gogo limepigwa jua miaka na miaka mpaka likawa gumu, na hii stori ipo toka zamani. Sio hivyo jamani. Gogo likiachwa juani mchwa wanalimaliza, nani asiyejua hilo? Linageuka jiwe pale linapofukiwa haraka na tope au majivu ya volkano, hewa haifiki, halafu maji yenye silika, madini yaleyale ya mchanga, yanapenya taratibu yanajaza kila kitundu, ndo maana ukikata kipande chembamba ukakiweka kwenye hadubini unaona mpaka seli.

Na hapo ndo kwenye utamu. Pete, yaani yale maduara ya ukuaji ndani ya shina, zikiwa wazi, mti uliishi penye majira, kama mninga wetu unaopumzika kiangazi, zisipoonekana, mara nyingi ni sehemu ya joto na mvua mwaka mzima. Antaktika kwenyewe, na barafu yote ile, yamepatikana magogo ya mawe yenye pete pana, yaani palikuwa na msitu! Ila usikurupuke, cheki kwanza kama mizizi bado imeshika pale pale: magogo ya karibu na Khorixas, Namibia, ya kama miaka milioni 280, yaliletwa na mafuriko, hayakuota pale.