"Mbona Hapa Hamna Kitu?"

Nimeulizwa tena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kundi la watu tisa limesimama mgongoni mwa tuta la kwanza, na mzee mmoja mwenye darubini shingoni anageuka kulia, anageuka kushoto, kisha ananiambia kwa upole kabisa: "Kiongozi, huu ni mchanga mtupu. Wanyama tutawaonea wapi?"

Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefukia tundu la kaa.

Sasa nasema kwa mara ya mwisho, ingawa najua wiki ijayo nitasema tena. Matuta ya pwani hayasomwi kwa darubini. Yanasomwa kwa kuinama, tena mapema, maana ikifika saa nne upepo umeshafuta kila kitu. Ule mstari mrefu wenye vidoti pande zote mbili, kama zipu, ni mbawakawa. Vidoti vyenye mkwaruzo mwembamba katikati ni mjusi, mkia wake ukiburuta. Vitobo vilivyochomwa kimshazari, vinavyoishia kwenye tundu, ni yule kaa mwenye rangi ya mchanga na macho juu ya vijiti. Gusa ule mchanga aliourusha mlangoni: ukiwa bado na unyevu, jua mwenyewe yumo ndani na amefanya usafi muda si mrefu.

Mchana hawaonekani kwa sababu wana akili kuliko sisi. Jua likiwa kali, uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi joto 50, ilhali mkono mmoja kwenda chini ni ubaridi na unyevu. Mchanga mkavu wa juu ndio mfuniko unaozuia maji ya chini yasikauke. Kaa anajua. Shimo lake huweza kufika mita moja, na vinywele vilivyo pale miguu yake inapoanzia hufyonza unyevu wa mchanga ili matamvua anayopumulia yasikauke. Basi nani mtupu hapo?

Habari za upepo kuleta mchanga, mwani uliotupwa na maji kuoza na kulisha mimea ya kwanza, mlakasa kutambaa na kukamata chembe mpaka tuta likainuka, nazipita haraka. Hizo kila mtu huzielewa akionyeshwa. Jambo moja tu: tuta halikuwepo kwanza mmea ukaja kuota juu yake. Mmea ndio uliosimamisha upepo, upepo ukautua mzigo.

Huwa nakwama kwenye vishimo vya mfano wa faneli, vya upana wa kidole gumba, vilivyo upande usio na upepo chini ya vichaka. Chini kabisa amejizika lava, yaani mtoto wa mdudu ambaye bado hajaota mabawa, mwenye taya kama koleo. Mchanga mkavu ukimwagwa hujipanga kwenye mteremko wa takriban nyuzi 34, si zaidi, na ndivyo ulivyo mteremko wa nyuma ya tuta zima. Huyu mdudu huchimba kuta zake karibu na mpaka huohuo. Sisimizi akikanyaga ukingo, ukuta unaporomoka. Akijaribu kupanda, anatupiwa mchanga kutoka chini mpaka anateremka mwenyewe mdomoni. Na katika maisha yote ya ulava hana njia ya haja kubwa: anaweka akiba mpaka siku atakapoota mabawa. Watoto hulipenda hilo kuliko somo langu lote.

Zamani nilikuwa natupia sisimizi ili wageni waone. Siku hizi natikisa ukingo kwa jani. Sijui kama ni huruma au ni kuona haya tu, kwani yule mdudu hapati kitu ila kazi ya kurekebisha shimo.

Lakini wanaonichosha hasa si wanaosema hamna kitu. Ni wanaosema hamna kitu, *kwa hiyo tupande miti*. Nia njema kabisa, miche mkononi. Ndugu zangu, uwazi ule ni nyumba. Kasa anahitaji mchanga ulio juu ya mstari wa maji kujaa, usiofungwa na mizizi. Kitwitwi, ndege mdogo wa ufukweni, hutaga mayai ya rangi ya mchanga mahali pa wazi ili amwone adui akija. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani, tangu karne ya 19, walipanda nyasi ya Ulaya, *Ammophila arenaria*, ili kutuliza mchanga. Ikatulia kweli. Ikabana mimea ya kienyeji na sehemu za kutagia za kitwitwi mmoja wa huko, ambaye mwaka 1993 aliingizwa rasmi kwenye orodha ya walio hatarini. Leo watu wanaing'oa, tena kwa gharama.

Nami nilishawahi kufundisha kwamba kila doa tupu ni kidonda. Nilikosea. Lakini siwezi kusema kinyume chake pia, maana kuna utupu uliochimbwa na upepo na kuna utupu uliochimbwa na viatu, na mara nyingine nasimama mbele ya doa nisijue ni upi. Njia yetu ya kila Jumamosi imepanuka. Nimeipima kwa hatua: mwanzoni moja, sasa tatu. Waliopanua ni watu wangu, nikiwa mbele yao nikiwaeleza wasikanyage.

Tuliporudi, baada ya saa moja na nusu, nikamwita mzee pale aliposimama. Alama ya kiatu chake ilikuwepo bado, soli yote. Katikati ya kisigino palikuwa na tundu jipya, na pembeni rundo la mchanga mbichi.

Akavua darubini, akachuchumaa.